Nilivyopanga upya ratiba yangu ya vyuma ili mwili ukue sawia

Kifua kilikuwa kimejaa, lakini ukinitazama kwa ubavu mabega yameelekea mbele na mgongo wa juu ni bapa. Nguvu nazo zilikuwa hivyohivyo: kwenye benchi nilisukuma kilo 80, ila kuvuta chuma nikiwa nimeinama, hata 55 zilinitoa jasho.

Nilianza kwa kuhesabu seti za wiki nzima, yaani mizunguko ya marudio kabla ya kupumzika, kundi la misuli kwa kundi. Kifua seti 18, mgongo 8, nyuma ya paja 3. Sikuongeza siku ya mazoezi. Kifua nilikishusha hadi seti 10, kwa sababu msuli uliokwisha kujengeka hauhitaji kazi nyingi ili ubaki ulivyo. Nafasi iliyopatikana nikaupa mgongo na nyuma ya mabega. Nikaacha pia mtindo wa kundi moja kwa siku: Jumatatu na Alhamisi mwili wa juu, Jumanne na Ijumaa miguu, ili kila msuli uguswe mara mbili kwa wiki. Siku za juu, kuvuta kukatangulia kusukuma. Zoezi la kwanza ndilo linalokula nguvu mbichi, na mgongo ndio uliozihitaji.

Miguu ilinifunza zaidi. Wengi huamini skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani, inamaliza kila kitu. Inajenga sana mbele ya paja na makalio, lakini misuli ya nyuma ya paja imepita kwenye nyonga na kwenye goti, hivyo unaposhuka na kupanda urefu wake haubadiliki sana. Ndiyo maana niliipa mazoezi mawili: kushusha chuma taratibu huku nyonga zikirudi nyuma na magoti yamekunjwa kidogo tu, kisha mashine ya kukunja mguu.

Mkono wa kushoto ulikuwa dhaifu, basi nikahamia kwa muda kwenye dambeli, vyuma vifupi ambavyo kila mkono hubeba chake. Kushoto huanza. Ukiishia marudio 9, wa kulia nao unasimama kwenye 9 hata kama bado una nguvu. Inahitaji uvumilivu kweli, maana unaona kabisa ungeweza kuendelea.

Uzito niliongeza kilo 2.5 pale tu seti zote zilipofika marudio 12 bila kuyumba. Mwanzoni nguvu hupanda kabla msuli haujanenepa, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza, kwa hiyo sikugusa ratiba mpaka wiki 8 ziishe. Wanaobadilisha mazoezi kila wiki eti kuushangaza msuli sikubaliani nao hata kidogo: watajuaje kama wanapanda, ikiwa hakuna zoezi wanalolirudia?

Sasa navuta kilo 70 kwa marudio 10, na mabega yamerudi mahali pake. Vigimbi vya miguu bado viko nyuma. Awamu inayofuata vitaanza siku ya miguu, kabla ya skwati, kwa uzito mdogo ili visiniyumbishe nikibeba chuma.