Nyanya tatu za uani kwangu

Msimu huu nimepanda nyanya za aina tatu nyuma ya nyumba hapa Usa River: Tanya, Roma VF na Money Maker. Mama mkwe akaniuliza, "Nyanya si nyanya tu, mwanangu?" Nikamwambia, "Subiri ziive, mama."

Tanya ni fupi, haina makuu, na ganda lake ni gumu. Ndiyo maana wachuuzi wanaipenda, haipondeki kwenye tenga. Money Maker ni kazi. Inarefuka bila kikomo, inataka miti ya kuegemea, na kila Jumamosi nakata maotea kwenye makwapa ya majani mpaka vidole vinageuka kijani na harufu yake haitoki hata kwa sabuni. Naipenda harufu ile.

Roma ndiyo iliyonitia uchungu. Zile herufi VF maana yake inastahimili aina mbili za mnyauko, na kweli haukuipata. Lakini nilisafiri siku tano, udongo ukakauka, niliporudi nikaimwagilia maji mengi kwa pupa. Wiki iliyofuata matunda yakaanza kuoza kitako: doa jeusi, limebonyea, kavu kama ngozi. Mmea ukipata maji kwa kusuasua, madini ya kalsiamu hayafiki vizuri kwenye tunda. Sasa nimetandaza majani makavu ya migomba na namwagilia kidogo kidogo kila asubuhi.

Jana tulikata Money Maker kwa kachumbari. Mama mkwe aliongeza sahani mara mbili, kisha akaniomba miche.