Tulivyoiondoa risasi uani kwetu

Hapa Masese, Jinja, baadhi ya wavuvi hutengeneza wenyewe chubwi (vizito) za nyavu kwa risasi, yaani madini laini mazito na si ya bunduki, kutoka kwenye betri mbovu za magari. Shemeji yangu alikuwa akiyeyushia uani petu: sufuria kuukuu juu ya sigiri, risasi ikifika nyuzi 327 inakuwa maji yanayong'aa, kisha anaimimina kwenye vishimo ardhini. Utando wa kijivu unaoelea juu aliuengua na kuutupa pembeni, ukipoa unakuwa vumbi laini. Hapo ndipo mwanangu wa miaka miwili alipochezea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaingia mifupani, inaharibu ubongo.

"Mbona mimi nayeyusha tangu ujanani na ni mzima?" shemeji aliniuliza.

"Wewe umeshakua, shemeji. Ubongo wa huyu ndio kwanza unajengwa." Nikamwekea kiganjani chubwi yenye alama za meno ya mtoto. Aliigeuza, akaitazama, asibishe tena. Siku hizi nyavu zake anazitia mawe aliyoyafunga kwa vipande vya nyavu kuukuu. Ni kazi zaidi, lakini anaifanya.

Pale uani hatukufagia kabisa, maana ufagio mkavu unatimua vumbi. Tulimwagia maji, tukashindilia udongo mpya, fundi akafunika kwa zege. Ile sufuria tuliitoboa, asije mtu akaipikia. Ndani napiga deki kwa kitambaa chenye maji, na mikono ya mtoto naiosha kwa sabuni kabla hajala. Chakula nacho kinasaidia: dodo (mchicha), maharage, mukene (dagaa). Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Ila yote hayo hayashindi kupima damu, kwani kwa macho huwezi kujua. Risasi katika damu ya mwanangu ilizidi mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho mwongozo wa WHO wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kipimo kilichofuata kilionyesha imeshuka, na tutampima tena.

Jirani wa nyumba ya pili bado anayeyusha, na ana watoto wadogo. Tumeanza kuzungumza naye. Shemeji ndiye anayeongea zaidi, na mvuvi humsikiliza mvuvi mwenzake.