Namna nilivyoipanga michezo ya video kwa aina katika chumba changu cha gemu

Nilipofungua chumba cha gemu mjini Morogoro nilikuwa na mashine nne za gemu za PlayStation 2, runinga nne, mabenchi mawili na diski 140 nilizozinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga biashara kama hiyo. Kwa miezi ya mwanzo diski hizo zilikaa kwenye maboksi, na kila alipoingia mteja ilinibidi niiname na kupekua mpaka niipate anayoitaka. Nikaamua kutengeneza rafu ya mbao na kuipanga michezo kwa aina zake, kazi niliyodhani ni ya mchana mmoja. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuipatia, na ninaieleza kwa urefu kwa kuwa najua wapo wengine wenye vyumba kama changu wanaohangaishwa na jambo hilo hilo.

Mara ya kwanza nilipanga kwa kufuata kinachoonekana. Palipokuwa na gari, diski ilikwenda kwenye rafu ya magari. Palipokuwa na bunduki, ilikwenda kwenye rafu ya vita. Kwa mpango huo Gran Turismo 4, mchezo wa mbio wenye magari zaidi ya 700, ulikaa bega kwa bega na Grand Theft Auto (GTA): San Andreas ya mwaka 2004, ambayo jina lake lenyewe linataja wizi wa magari. Jumamosi moja mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka kama minane, akaomba awekewe gemu ya magari, nami nikachukua diski iliyokuwa karibu na mkono. Baada ya dakika chache mtoto alikuwa ameshashuka garini na anawapiga wapita njia kwa ngumi. Mama yule hakupaza sauti. Aliniambia tu, “Mwanangu, mimi nilikuomba gemu ya magari.” Nilimwomba radhi na kuitoa diski, lakini neno lake lilinikaa moyoni, kwa sababu kwa mujibu wa rafu yangu nilikuwa nimempa alichoomba.

San Andreas barani Ulaya umepewa alama ya miaka 18, na tangu siku ile nilianza kuandika umri kwenye kila kasha. Hata hivyo, umri ni jambo moja na aina ni jambo jingine, na hilo la pili bado lilikuwa linanidai jibu.

Jibu nililipata kwa wateja wenyewe. Nilipoanza kuwasikiliza kwa makini niligundua kwamba walikuwa wakitaja vitendo: gemu ya kupigana, gemu ya kukimbizana, gemu ya kulenga. Lugha yetu ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi bila mimi kujua, kwa kuwa inamtazama mchezaji na kile anachokifanya, huku picha ikibaki kuwa pambo. Baadaye nilisoma kwamba mbunifu Mmarekani Chris Crawford aliigawa michezo ya kompyuta mwaka 1984 katika mafungu mawili makubwa, la ustadi na vitendo, na la mikakati. Naye pia alianzia kwenye kile ambacho mchezo unamdai mchezaji, yaani wepesi wa macho na mikono, au kufikiri.

Basi nikawa nafunga mlango usiku, nashika pedi, yaani kifaa cha vitufe cha kuchezea, nawasha diski moja baada ya nyingine, na kuandika kwenye daftari vidole vyangu vinafanya nini. Kwenye Tekken, gemu ya kupigana, kila kitufe ni kiungo cha mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, alama ya X ni mguu wa kushoto na duara ni mguu wa kulia. Kwenye Mortal Kombat kuna kitufe maalumu cha kujikinga, ilhali kwenye Tekken mtu hujikinga kwa kuvuta nyuma. Kwa anayezijua, tofauti hizo ni kubwa, lakini kazi ni ile ile: watu wawili wanakabiliana, na anayeishiwa nguvu kwanza ameshindwa. Nikaziweka pamoja, nikaongeza Street Fighter, ambayo toleo lake la pili la mwaka 1991 ndilo lililoueneza mtindo huu duniani.

Rafu ya mpira nilidhani ndiyo rahisi kuliko zote, kumbe ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwenye PES, yaani Pro Evolution Soccer, kitufe cha shuti ni mraba. Kwenye FIFA ni duara, na mraba ni wa kuinua krosi. Kijana aliyezoea PES akicheza FIFA hulifikia goli vizuri kabisa, hubonyeza mraba kama vidole vyake vilivyozoea, na mpira hupaa juu ya boksi badala ya kwenda wavuni. Niliona vijana wawili wakikaribia kugombana kwa sababu hiyo, mmoja akidai kwamba pedi ni mbovu. Tangu hapo niliigawa rafu ya mpira kwa utepe, PES upande mmoja na FIFA upande wa pili, ingawa mtu wa nje angeona ni kitu kimoja.

San Andreas niliihamishia wapi? Kwa muda mrefu sikuwa na pa kuiweka, kwa sababu ndani yake mtu anaendesha, anapiga risasi, anaogelea na hata kurusha ndege. Wateja ndio waliokuja wakiuliza, “Kaka, una nyingine kama GTA?” Nilidhani ni uvivu wa kutafuta jina, mpaka nilipojua kwamba aina nyingi zimezaliwa hivyo hivyo. Doom ilipotoka mwaka 1993, michezo iliyoiga mtindo wake wa kulenga shabaha kwa jicho la mhusika mwenyewe iliitwa nakala za Doom kwa miaka kadhaa. Rogue ya mwaka 1980 imeliacha jina lake kwa ukoo mzima wa michezo, na mwaka 2008 wapenzi wake walikutana Berlin wakaandika sifa za ukoo huo, zikiwemo ramani inayobadilika kila unapoanza upya na kifo kisicho na marejeo. Nikaandika kibao cha “Misheni”, neno wanalolitumia vijana wenyewe, na kuanzia hapo hakuna mzazi aliyepewa tena diski isiyomfaa mtoto kwa kosa la rafu.

Kanuni ya vidole ilikwama kwenye Resident Evil, iliyoanzishwa na Capcom mwaka 1996. Mikono inalenga shabaha, lakini risasi ni za kuhesabu na mara nyingi kukimbia ndiko kunakookoa, hivyo wapenzi wa vita waliirudisha kila nilipowapa. Hapo nilikubali rafu moja iitwe kwa hisia: za kutisha. Michezo mirefu ya hadithi, kama Final Fantasy X, ambako wapiganaji hupokezana zamu na safari huchukua makumi ya saa, niliitenga kwa sababu ya malipo na hifadhi. Mpira nilitoza kwa mechi, hiyo kwa saa, na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 ilijaa haraka kiasi kwamba mmoja alifuta safari ambayo mwenzake alikuwa ameihifadhi. Nilinunua kadi ya pili, nikaitunza kwenye droo pamoja na majina ya wenye safari.

Nilipopata PlayStation 4 ilikuja Rocket League, ya mwaka 2015, ambamo magari yanacheza mpira. Mkono unashika R2, kitufe cha kuongeza mwendo, kama wa dereva, lakini ushindi ni magoli. Wakati huo nilikuwa nimeacha rafu na kutumia daftari lililofungwa kwa kamba ukutani, kila ukurasa kitendo chake, kwa hiyo niliuandika mara mbili, kwenye “Kuendesha” na kwenye “Kufunga magoli”. Wiki iliyofuata nilikuta kijana mmoja amefungua ukurasa mpya kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika “Kupaa” na chini yake jina la mchezo ule ule, kwa kuwa wanaoshinda pale ni wale wanaoufuata mpira hewani. Nilijaribu mwenyewe usiku ule mpaka gari langu likagusa mpira juu ya lango, na ukurasa wake nikauacha ulivyo.