Siku yangu moja Lubumbashi: asubuhi pweza, jioni limao

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka mbele ya watoto, nashika telefone. Siyo kuangalia nani kaandika usiku, natafuta habari ya leo. Wanaonijua wanajua desturi yangu, kila asubuhi natuma habari moja ya ajabu, ya sayansi ama ya teknolojia, kwenye magrupe manne: ya familia, ya mtaa, ya tuliosoma pamoja na ya mafundi wenzangu. Naanza saa hizi sababu mega zangu za usiku zinakwisha saa 12 kamili, basi nasoma mbio. Habari ile ile naisoma sehemu tatu, na nikikuta mmoja tu ndiye aliyesema na wengine wote wamenakili kwake, naiacha, hata iwe tamu namna gani. Juzi niliacha samaki mwenye uso wa mtu, picha ilitengenezwa na kompyuta, mkono wa mvuvi aliyemshika ulikuwa na vidole sita.

Leo nimepata pweza. Ana mioyo mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua anayopumulia, wa tatu unaipeleka mwili mzima, na huo wa tatu unasimama akianza kuogelea, ndio maana anapenda zaidi kutambaa. Lakini kilichonishika siyo mioyo, ni damu yenyewe. Damu yetu ni nyekundu sababu inabeba oksijeni kwa chuma. Ya pweza inaibeba kwa shaba, na ni bluu. Shaba! Nimekaa pale kitandani nikairudilia hiyo mistari mara ya pili na ya tatu. Mi ni mtoto wa Lubumbashi, nilizaliwa wakati jimbo letu lenyewe linaitwa Shaba, maana Katanga ilibeba jina hilo kuanzia 1971 mpaka 1997, marehemu baba alitumika kwenye shaba mpaka pensheni, mi mwenyewe kila siku napasua telefone za watu naikuta shaba ndani, na kumbe kule baharini, mbali na sisi kabisa, kuna mnyama anatembea nayo ndani ya mishipa.

Nikaandika yote hayo, nikaweka picha ya pweza, na mwisho nikaongeza: "Hata mwili wetu sisi unahitaji shaba kidogo." Ni kweli kabisa. Muishike hiyo sentensi, mchana tutakutana nayo tena.

Saa 2 asubuhi

Nafungua atelie, karibu na soko ya Kenya, siyo ile nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi. Kijana ninayemfundisha kazi ameshapiga fagio, tunakunywa chai na vitumbula tukiwa tumesimama. Mteja wa kwanza ni mama aliyeacha telefone yake ianguke kwenye ndoo ya maji tangu juma pili na akaendelea kuichaji, sasa haiwaki.

Nikaifungua, na pale kwenye tundu la shajeri, kwenye vile vipini vidogo, kumeota kitu cha kijani kinachoelekea bluu, kama unga uliolowa na kukauka. Nikamwita kijana, nikamshikisha lensi. Nikamwambia hii ndiyo shaba ikishikwa na maji na hewa na umeme ukipita humo humo, na malachite, lile jiwe la kijani wanalotuuzia mjini kama mikufu na vinyago, rangi yake ni ndugu ya hii, sababu nayo ni shaba iliyoungana na vitu vingine ndani ya ardhi. Akaniuliza, "Yaya (yaani kaka), sasa na pweza ni hii hii?" Nikamwambia shaba ni ile ile, ila ndani ya pweza imeshikwa na protini, haimdhuru, inamtumikia. Akanyamaza akaendelea kuangalia. Kuona mtu ananyamaza vile mbele ya kitu kidogo hivyo ndiyo malipo yangu, sijui niseme vipi zaidi.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye magrupe chini ya pweza. Kiisha nikachukua mswaki na alkoli, nikaanza kusafisha taratibu.

Saa 4

Maneno yamejaa. Mmoja ananiambia samaki wote aliokula maisha yake yote walikuwa na damu nyekundu kwa hiyo nadanganya. Nikamjibu kwa heshima, pweza siyo samaki, ni jamaa ya konokono, na samaki ana damu ya chuma kama yetu. Mwingine anauliza pweza akikosa hewa damu inakuwa rangi gani, swali zuri sana, jibu ni kwamba inapoteza bluu, inabaki bila rangi, ile bluu inatokea wakati shaba imeshika oksijeni. Dada mmoja aliyesomea unesi akatuletea yule mnyama wa pwani za Marekani anayefanana na kaa mwenye kofia, naye damu yake ni bluu, na wanaitumia kupima kama sindano na chanjo zina sumu ya bakteria. Sikuwa nimeiweka hiyo, nikafurahi sana kuletewa.

Lakini aliyetoa kubwa kuliko zote ni mzee mmoja wa mtaa wetu, alitumika migodini miaka mingi na haandikagi kamwe, anasoma tu. Leo akatuma vokali, yaani ujumbe wa sauti. Akasema wakati wao walikuwa wanaonyeshwa maua fulani madogo yanayopenda udongo wa shaba, mahali mimea mingine inashindwa kuishi yenyewe inasimama, na waliotafuta madini walikuwa wanayafuata. Nikatafuta mbio mbio, nikalipata, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, jina la Katanga limo humo ndani. Nikamwandikia "Aksanti sana mzee" na nikaiweka vokali yake kwenye magrupe yote manne. Mtu anakaa na kitu kama hicho kichwani miaka arobaini, hakuna aliyemuuliza, kumbe ilihitaji pweza ndio akiseme.

Saa 7 mchana

Delestaji. Umeme umekwenda, kazi ya kuchomelea imesimama. Bukari, ndiyo ugali wetu, na matembele kwa mama wa pembeni.

Saa 8 na robo

Telefone inalia, ni grupe ya familia. Ujumbe una alama ile ya kusambazwa mara nyingi. Juu kuna pweza, na ni pweza wangu, naitambua picha, nilikata pembe moja asubuhi. Chini yake sasa: "DAMU INAKOSEKANA? Wanasayansi wamegundua SHABA inaongeza damu. Chukua malachite, osha, weka ndani ya maji pamoja na limao mbili, acha saa tatu, mpe mtoto asubuhi na jioni siku 7." Na mwisho kabisa, neno kwa neno, sentensi yangu: "Hata mwili wetu sisi unahitaji shaba kidogo."

Mikono ilinilegea. Niliketi kwenye kiti cha mteja. Wa kwetu wanajua kukosa damu ni nini, kila nyumba imeshabeba mtoto wa malaria aliyekuwa mweupe viganja, kwa hiyo ujumbe kama huo hausomwi kwa kucheza, mama anausoma na anaanza kutafuta limao.

Na ubaya wake ni kwamba umejengwa juu ya kweli nusu. Mwili unaihitaji shaba, hata kuitumia chuma vizuri unaihitaji, ila kwa mtu mzima haifiki miligramu 1 kwa siku, na hiyo unaipata ndani ya maharagwe, karanga, maini. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa maji ya kunywa imeweka mwisho miligramu 2 kwa lita. Ukizidisha tumbo linakata, unatapika, ini linaumia, na ikiwa nyingi sana inapasua hata chembe nyekundu za damu. Yaani dawa ya kuongeza damu inaimaliza. Na limao ndiyo mbaya zaidi, malachite ndani ya maji matupu inatoka kidogo sana, lakini asidi inaiyeyusha.

Nikaandika hayo yote, mafupi, bila kutukana mtu. Nikatuma kila mahali. Kiisha nikaanza kurudi nyuma, namuuliza aliyetuma kaupata wapi, yule ananionyesha mwingine, mwingine yuko Likasi, mwingine Kolwezi, na kwa mtu wa sita uzi ukakatika. Pale nikaacha kutafuta nani, nikaanza kutafuta nani ameshaweka jiwe ndani ya maji. Wakajibu watu wawili. Mmoja wao ni mama mdogo wangu, anakaa mtaa wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi.

Saa 11 jioni

Nimefunga mapema, nikapanda pikipiki. Mama mdogo ananipokea vizuri kabisa, "Karibu baba, kaa, watoto hawajambo?", na mezani kuna jagi la plastiki lililofunikwa na sahani. Ndani ule mkufu wake wa malachite wa siku za harusi, umejikunja chini, na vipande vya limao vinaelea juu. Mjukuu wake alikuwa na malaria mwezi uliopita, damu ilishuka, walimpa sirupu ya chuma na imekwisha tangu juma lililopita. Nikauliza kama amekunywa. "Nilimuonjesha kijiko, akatema, anasema inakuwa sawa kulamba funguo."

Nikapumua.

Sikumwambia amekosea, ni mama yangu yule, na alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Nikamuomba kisu na ushanga mmoja, ule wa mwisho uliokuwa umepasuka. Nikakwaruza juu ya kisosi cheupe mpaka ukatoka unga wa kijani kama ncha ya kijiko. Nikamwambia akamue limao yeye mwenyewe. Tukainama wote wawili, na mtoto katikati. Vipovu vidogo vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye unga, kama soda iliyokaa wazi, vinapanda vinapasuka. Tukangoja. Baada ya dakika kama kumi hivi maji ya limao yaliyokuwa ya njano yamekuwa ya kijani. Mama mdogo akachovya ncha ya kidole, akakiangalia kwenye mwanga wa mlango, akakipangusa kwenye kitenge.

"Njo hii ingeingia ndani ya tumbo ya mtoto?"

"Eyo mama."

Akabeba jagi mwenyewe, akamwaga mbali na majani yake ya mboga. Mkufu akauosha na sabuni. Tukakubaliana kesho asubuhi anampeleka mtoto kwenye kituo cha afya, wampime damu tena na wampe sirupu ingine, nikaacha ya teksi.

Saa 1 usiku

Nilipokuwa natoka akaniita. Akasema maandishi yangu ni marefu, wamama wenzake hawatasoma, nimpe telefone aseme yeye. Akashika ile telefone kama kikombe cha chai, karibu kabisa na mdomo: "Bamama, miye ni mama wa Katuba, munanijua. Niliweka jiwe ndani ya maji, na limao. Mtoto wetu ametengeneza mbele ya macho yangu, limao inakula jiwe, maji inakuwa ya kijani. Musipatie watoto. Mupeleke watoto wapimwe." Sekunde ishirini na tano. Nikaituma kama ilivyo, na katika saa moja ilienda mbali kuliko pweza, kuliko maua ya mzee, kuliko kitu chochote nimetuma miaka yote hii.

Saa 4 usiku

Watoto wamelala. Nimeshaamua, sitaacha kutuma, ila sentensi inayogusa mwili wa mtu haitatoka tena bila kipimo chake pembeni, ni kiasi gani na inaliwa ndani ya nini.

Yule mtu wa pili aliyeweka jiwe ndani ya maji yuko Likasi, simjui, namba tu. Mchana alikuwa ameniuliza limao iwe moja au mbili. Nilimjibu palepale, jioni nikamuongezea vokali ya mama mdogo, na mpaka sasa naona tiki moja tu, labda na kwao hakuna umeme. Nikampigia, haipatikani. Nikampigia tena saa nne na nusu, haipatikani. Mega zimebaki kidogo, sikuzima data, niliweka telefone juu ya kifua nikangoja.

Saa tano na dakika kumi tiki zikawa mbili, kiisha zikawa bluu. Akaandika: "Nimemwaga. Mtoto alikuwa hajakunywa."