Usiku Mmoja Matema, Kabla ya Kupanda Tukuyu

Tangu nikiwa mtoto pale Tukuyu, babu alikuwa akinisimulia habari za meli ya Mdachi, yaani Mjerumani, iliyolala chini ya Ziwa Nyasa, upande ule ambao Milima ya Livingstone inateremka moja kwa moja hadi majini. Baba yake alikuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, naye mwenyewe alivua usipa na mbasa katika ujana wake kabla ya kuhamia mlimani, kwa hiyo alikijua kile chuma kama wavuvi wanavyokijua: ni mahali nyavu zinaponasa. Septemba 2017 nilishuka Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, ili nikakione kwa macho yangu.

Kuzamia kwa mtungi nilijifunza Unguja, na mkufunzi wangu ndiye aliyekubali kusafiri nami kwa barabara, mitungi na kompresa vikiwa nyuma ya gari. Usiku wa kwanza alikaa na daftari akipiga hesabu upya. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya wazamiaji wa baharini hayatumiki kama yalivyo mahali palipozidi mita 300, kwa sababu huko hewa ni nyepesi zaidi, na mwili unapotoka kilindini hukutana na badiliko la mgandamizo ambalo kwa uwiano ni kubwa kuliko la pwani. Alinipunguzia pia vipande vya risasi, uzito wa kunizamisha, kwenye mkanda, maana maji baridi hayamwinui mtu kama yanavyomwinua maji ya chumvi.

Tulitoka alfajiri kabla upepo wa kusi haujaamka, tukiongozwa na mvuvi mzee aliyepanga alama zake kwa kulinganisha mti mmoja wa ufukweni na ufa wa mlima ulioko nyuma yake. Alipotuambia tutie nanga sikuona chochote ila maji ya kijani. Nilipoteremka, miamba ilijitokeza kwanza, imejaa samaki wadogo wa buluu na wa njano wanaokwangua ukoga kwenye mawe, kisha katika mita 16 nikaona mstari ulionyooka mno kuwa mwamba. Ulikuwa ubavu wa chombo. Kilikuwa kimelalia upande mmoja, omo, yaani mbele yake, ikielekea nchi kavu na tezi, yaani nyuma yake, ikiwa imezama mchangani, na bati za sitaha zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu hata mataruma yakaonekana kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi. Nilitafuta boila, nikatafuta mhimili wa rafadha, lile panga linaloisukuma meli, nikatafuta shimo la dohani, nisione hata kimoja. Tako lake lilikuwa bapa. Nilipitisha kiganja juu ya bati na kuhisi vichwa vya ribiti, misumari inayounganisha bati, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi zilizo sawasawa, kila kimoja kikiwa kimegongwa kwa mkono wa mtu. Nikakaa hapo kwa muda mrefu kuliko popote pengine, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kumpelekea babu.

Meli ya Wadachi aliyoizungumzia ilikuwapo kweli. Hermann von Wissmann ilijengwa Ujerumani, ikaletwa ziwani vipandevipande katika miaka ya 1890. Lakini tarehe 13 Agosti 1914, boti ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta Liuli, bandari ya ziwa hilohilo ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga hapo hapo huku nahodha wa Kijerumani akiwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Haikuzama, na baadaye Waingereza waliichukua ikawa yao. Nilichokigusa mimi kilikuwa tishari, chombo cha kukokotwa cha kubebea mizigo, na ukweli huo ulinisumbua kuliko nilivyotarajia.

Tulizama mara ya pili mchana, tukatoka majini saa tisa alasiri. Nilikuwa bado najikausha ufukweni shangazi aliponipigia simu kunijulisha kwamba babu amezidiwa na anauliza kama nimeiona meli. Gari la jirani lilikuwa linaondoka saa kumi kwenda Tukuyu kupitia Ipinda. Nilikwisha kushika begi langu.

Mkufunzi alikaa juu ya begi lile. Alinikumbusha kwamba katika mita 16 nilivuta hewa yenye mgandamizo wa takriban mara mbili na nusu ya ule wa ufukweni, na kwamba naitrojeni iliyokuwa imeingia katika damu na mafuta ya mwili wangu ilikuwa bado inatoka polepole kwa njia ya pumzi. Kutoka Matema hadi Tukuyu ni kupanda zaidi ya mita 1,000, na mwili hautofautishi kupanda kwa ndege na kupanda kwa gari: hewa ikipungua uzito ghafla, naitrojeni hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa, ama katika viungo, ama katika uti wa mgongo. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba baada ya mizamo miwili tunasubiri saa 18, na kwamba hakuna chumba cha mgandamizo, cha kumtibia mzamiaji aliyepatwa na mapovu hayo, popote karibu nasi. Nilimjibu maneno makali ambayo nimekwisha kumwomba radhi kwayo.

Nilikaa mchangani usiku kucha. Taa za wavuvi wa usipa zilitanda ziwani mpaka nikashindwa kuzitenga na nyota, na kila baada ya saa moja nilimpigia shangazi, naye kila mara alinijibu, "Analala, mwanangu, subiri."

Saa tatu asubuhi tuliondoka. Babu alikuwa ameegemezwa mito miwili, macho yake yakiwa wazi. Nilimshika miguu, nikamsalimu "Ugonile," kisha nikamweleza yote bila kumficha kitu: kwamba meli ya Mdachi haikuzama pale, kwamba kile ni tishari, halina hata injini. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza kama bati zake zimeunganishwa kwa kuchomelewa au kwa misumari ya kugonga.

"Kwa misumari, babu. Nimeishika kwa mkono huu."

Aliukamata ule mkono, akaugeuza kiganja juu, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Basi ni la zamani," akasema. "Nyavu zangu tatu zimo humo."