Kaka yake bibi na zile taa nyekundu za Essen

Jamani nimetoka shifti ya usiku, ilibidi nilale ila nimekaa na makaratasi tena. Niko Lincoln, Uingereza, mwaka wa 6 sasa nalea wazee, na huku ukitoka tu nje ya mji unapita viwanja vya zamani vya ndege za vita vya pili, vingine saa hizi ni mashamba ya ngano.

Kuna bibi namhudumia, kaka yake alikuwa mdondosha mabomu kwenye Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza, akafa 1943 bibi akiwa na miaka 9. Siku moja namvalisha soksi akaniuliza, hivi mwanangu, kaka alikuwa anaonaje chini na giza lote lile? Sikuwa na jibu, na lile swali likaninyima usingizi.

Kumbe mwanzoni walikuwa hawaoni kweli. 1941 serikali yao ilipopima picha zilizopigwa na ndege zao ikakuta kati ya ndege zilizodai zimepiga, ni moja tu kwa 3 iliyofika ndani ya maili 5 za shabaha, na kule Ruhr, Ujerumani, kwenye viwanda na moshi ni moja kwa 10! Ndo ikaja Oboe, mtambo wa kuongoza ndege kwa redio. Yaani vituo viwili vya redio, kimoja Trimingham na kingine Walmer, pwani hukuhuku. Kimoja kinamshika rubani kwenye mstari, akiwa sawa anasikia mlio mmoja mrefu masikioni, akipotoka upande huu anasikia nukta, upande ule vistari, na kingine kinapima umbali kisha kinatoa ishara, achia sasa. Hahitaji kuona chochote chini. Ila vituo hivyo viliongoza ndege moja tu kwa wakati, na mawimbi yanakwenda moja kwa moja wakati dunia imepinda, kwa hiyo Berlin hayakufika. Basi Oboe wakazipa ndege chache za Mosquito zinazoruka juu sana, zitangulie kuangusha taa za rangi, na kundi kubwa nyuma lilenge zile taa.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1943 ndege 442 zilitumwa Essen, mji wa huko Ruhr, 14 hazikurudi. Taa za njano njiani, nyekundu kwenye shabaha, na kijani za kuongezea nyekundu zikififia. Na chini ya zile nyekundu kulikuwa na nyumba na watu, hilo silisahau nikisoma.

Siku yangu ya ofu nikapanda treni mpaka nyaraka za taifa kule Kew, unaingia na penseli tu, kalamu ya wino marufuku. Nikamkuta kaka yake bibi. Jina lake limepigwa taipu, saa ya kuruka ipo, saa ya kutua pamebaki peupe. Nililia pale mezani, maana babu yangu naye alikwenda Burma na Keya, jeshi la wakoloni, na sisi nyumbani hatuna hata karatasi moja yake.

Niliporudi nikamweleza bibi, kaka yako hakusikia ule mlio, ule wa Mosquito, yeye alikuwa amelala kifudifudi puani mwa ndege anatafuta taa nyekundu. Akakaa kimya muda mrefu, akasema telegramu haikutaja hata mji. Nikamwandikia ESSEN kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa, akaomba nikibandike nyuma ya picha ya kaka yake.