Alizeti zilizootea juu ya shimo la kombora

Mi ni mtoto wa Singida kwahiyo alizeti naijua toka nikiwa mgongoni kwa mama, kwetu alizeti ndo ada ya shule, ndo bati la nyumba, mnavuna mnapiga mnapepeta mnapeleka mashineni, mafuta mnauza na mashudu wanakula ng'ombe. Sasa siku nimesimama katikati ya shamba la alizeti huko Ukraine, kusini karibu na mji wa Pervomaisk, halafu mzee mmoja akaniambia hapo ulipokanyaga palikua na shimo la kombora la nyuklia, nilishtuka kiasi kwamba nlisogea pembeni kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Nianze mwanzo kidogo. Nlienda Ukraine kusomea udaktari, mji wa Vinnytsia, watu wa Tanzania na Kenya waliosoma kule wanaujua. Miaka miwili mizima nimepita mitaa ile sijui kwamba pale enzi za Usovieti ndo yalikua makao makuu ya Jeshi la 43 la Makombora. Likizo moja nauli ya kurudi nyumbani ilikua haishikiki, nikabaki, wenzangu wa hosteli wakasema twende tukaone makumbusho ya makombora kule Pobuzke, tukaenda. Ni kambi halisi ya zamani imeachwa moja makusudi watu waone. Unashuka kwenye mnara uliozamishwa ardhini, ghorofa 12 kwenda chini, karibu mita 45, kwa kilifti kidogo mnabanana watu watatu, huko chini kuna viti viwili vyenye mikanda na funguo mbili ambazo lazima zizungushwe na watu wawili kwa pamoja. Wanaotembeza wageni ni wanajeshi wastaafu walewale waliokua wanakaa chini kule zamu. Huyo mzee wetu alikua mmoja wao na ndo aliyetupeleka mashambani baadae.

Yaani nataka mtu aelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Usovieti ilipovunjika 1991 Ukraine iliamka asubuhi ina makombora 176 ya masafa marefu kwenye mashimo yake, 130 ya aina ya SS-19 na 46 ya SS-24, upande wa Khmelnytskyi na upande wa Pervomaisk, ukijumlisha na ya kwenye ndege vichwa vya nyuklia vya masafa marefu, yaani mabomu yenyewe yanayobebwa, vilikua kama 1,900, nchi ya tatu duniani kwa wingi. Na nchi yenyewe haina kitu, mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 10,000, mshahara wa mwezi unaisha dukani siku moja. Watu wanaongea kuhusu kuachana na nyuklia kama vile ni kusaini karatasi na kupeana mikono. Hapana. Kombora lililojaa mafuta limekaa kwenye shimo la zege, we uko na serikali isiyo na hela ya kumlipa hata dereva wa kreni, unaanzia wapi?

Hapo ndo maseneta wawili wa Marekani, Sam Nunn wa chama cha Democratic na Richard Lugar wa Republican, walipopitisha sheria mwishoni mwa 1991 kwamba sehemu ya bajeti ya ulinzi ya Marekani itumike kumsaidia adui wa jana kubomoa silaha zake. Nimefikiria sana hilo jambo na bado naona ni moja ya maamuzi ya akili sana ya karne ile. Na kitu nlichokipenda, msaada haukuja kama mabunda ya dola kwenye akaunti ya wizara, sehemu kubwa ulikuja kama kreni, malori, matangi ya kuhifadhia mafuta, mashine za kukatia vyuma, na wakandarasi wa kusimamia kazi. Sisi tunaotoka nchi zinazopokea misaada tunajua tofauti iliyopo hapo.

Januari 1994 marais watatu, Clinton wa Marekani, Yeltsin wa Urusi na Kravchuk wa Ukraine, wakasaini Moscow kwamba vichwa vyote viende Urusi vikafunguliwe, na Ukraine kama fidia ipewe fueli ya vinu vyake vya umeme. Ukraine karibu nusu ya umeme wake miaka nliyokua kule ulitoka kwenye vinu vya nyuklia. Kichwa cha mwisho kiliondoka kwa treni Juni 1996.

Ila vichwa ndo vilikua sehemu rahisi, mzee alisema hivo na akarudia. Kazi ilikua mafuta na ardhi. SS-19 inatumia mafuta wanayoyaita heptili, ni sumu kali, inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi, ikimwagika inazama kwenye udongo na maji, na kemikali ya pili inayobebwa na kombora ili mafuta yaungue, ikigusana nayo tu inawaka yenyewe bila kiberiti. Fikiria kunyonya hiyo kitu kutoka kombora moja baada ya jingine huku umevaa suti ya mpira na kinyago, kuna baridi la kugandisha mate, kosa moja mmeisha. SS-24 yenyewe mafuta yake ni magumu kama raba, hayamwagiki, sasa unayatoaje? Yakaenda kiwanda cha Pavlohrad, hukohuko Ukraine, maelfu ya tani, wakabishana na wafadhili miaka na miaka njia gani itumike na nani alipe, mwisho kiwanda kikawa kinayakwangua kwa maji ya presha kubwa na kugeuza kuwa baruti za migodini.

Halafu shimo lenyewe. Mkataba wa START, ule wa Marekani na Usovieti wa kupunguza makombora, ulidai shimo lilipuliwe kwenda chini si chini ya mita 6, au lichimbwe si chini ya mita 8, na likishabomolewa liachwe wazi siku 90 ili setelaiti za upande wa pili zilione kwa macho yake. Miezi mitatu shimo linakodolea mbingu! Januari 1996 mawaziri watatu wa ulinzi, Perry wa Marekani, Grachev wa Urusi na Shmarov wa Ukraine, walikuja pale Pervomaisk wakazungusha funguo pamoja na shimo likalipuka. Juni mwaka huohuo wakarudi na majembe wakapanda alizeti palepale. La mwisho halikulipuliwa mpaka Oktoba 2001.

Sasa mimi kama mtoto wa mkulima nilitaka kujua ya baada ya picha. Mzee akanielezea vizuri, zege linavunjwa, vyuma vinachambuliwa, nyaya zilizozikwa zinang'olewa, shimo linajazwa na kushindiliwa, halafu ndo udongo wa juu unarudishwa. Na udongo wa kule jamani, mweusi tiii, unaita mbegu wenyewe, mtu wa Singida akiuona anataka kulia. Nilichota nikaunusa. Kuna kipande cha shamba alizeti zake zilikua fupi kuliko za jirani, kwa macho ya kawaida huoni ila mi niliona, nikamwuliza akasema hapo palikua barabara ya malori mazito, ardhi ilishindiliwa miaka mingi, itachukua muda. Hilo halikuwepo kwenye maelezo ya makumbusho na ndo kitu kimoja sijawahi kusahau.

Na kitu kingine watu hawakitaji ni nyumba. Sheria ya kule ilisema afisa huwezi kumstaafisha bila kumpa makazi, kwahiyo unaweza kutoa kombora lakini kikosi kizima kikabaki hapohapo kwa sababu hawana pa kwenda. Sehemu ya msaada ikaenda kujenga nyumba za maafisa na familia zao. Marekani kukawa na kelele kwamba hela ya ulinzi inajengea wanajeshi wa kigeni nyumba, na katikati ya miaka ya 90 bunge lao likazuia. Naona walikosea. Ukimwondoa mtu kwenye kazi aliyoifanya maisha yake yote, kazi ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuijua, na humpi pa kulala, unategemea nini? Mzee wetu alipata chumba na sebule, alisema siku anakabidhiwa ufunguo alikumbuka ule ufunguo mwingine wa chini ya ardhi.

Desemba 1994 pale Budapest, Hungary, kwa kukubali kuachana na nyuklia Ukraine iliandikiwa kwamba mipaka yake itaheshimiwa, wakasaini Urusi, Marekani na Uingereza. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, rasi ya kusini mwa Ukraine. Februari 2022 Urusi ikaanzisha vita kamili, mi nlikua nishamaliza niko nyumbani, nikawa nakesha na simu nafuatilia wadogo zetu wanaotembea kwa miguu kwenye theluji kwenda mpakani. Tarehe 14 Julai 2022 makombora yaliyorushwa kutoka baharini yakapiga katikati ya Vinnytsia, watu zaidi ya 20 wakafa, watoto wakiwemo. Eneo lile nimepita mara mamia nikiwa na begi la vitabu.

Watu wananiuliza, sasa si bora wangebaki na makombora yao? Nimeshindwa kukubali hilo, na sio kwamba sina hasira. Yale makombora amri ya kurusha ilikua inatoka Moscow, nchi ilikua imefilisika, na mafuta yale yangekaa kwenye ule udongo yanachuruzika mpaka leo. Waliobomoa walifanya kazi yao sawasawa, shimo moja baada ya jingine. Walioshindwa ni waliosaini karatasi.

Mwaka ule wa 2022 kwetu lita ya mafuta ya kula ilipanda mpaka watu wakawa wananunua kwa kipimo cha kifuniko, na moja ya sababu ni kwamba alizeti ya Ukraine haitoki. Mama akaongeza ekari mbili. Nikamwonyesha picha nliyopiga lile shamba la Pervomaisk, akaiangalia sana, akakuza kwa vidole, akasema zile fupi za pembeni hapo wangepalilia mapema.

Pervomaisk iko mkoa wa Mykolaiv, na kusini mwa mkoa huohuo sasahivi mashamba yana mabomu ya kutegwa, wameanza tena kusafisha ardhi, kwa hela za nje tena, mtu amepiga magoti na kifaa mkononi, anakagua hatua kwa hatua.